Unajenga Kigoma? Miti na udongo, tofali mbichi, za kuchoma au bloku, tuzilinganishe kwa jicho la tetemeko

Mdogo wangu wa kike amepata kiwanja Mwandiga, na baba mdogo anataka kubomoa nyumba yake kule Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa boti, ainue nyingine, na wote wawili wamenipigia simu ndani ya wiki moja na swali lile lile, tujenge kwa nini? Nimewajibu kila mtu kivyake kwa simu lakini naona wapo wengi wenye swali hilo, alafu wengi wanalinganisha bei ya tofali na muonekano tu, tetemeko halimo kabisa kwenye hesabu. Na sisi watu wa Kigoma hatutakiwi kuliacha nje.

Mimi siwezi kuliacha manake nalikumbuka. Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika kama ishirini alasiri, nilikuwa Ujiji kwa bibi, nimekaa kibarazani na ndoo ya maji pembeni yangu. Maji ndo yalianza. Yakawa yanapanda upande huu yanashuka, yanapanda upande ule, na mimi bado sijaelewa kitu, ndo nikasikia bati linalia na bibi ananiita kwa jina langu la utotoni kutoka ndani. Hatukuumia. Ila kwenye kona ya dirisha la chumbani ukatokea ufa, umepanda kama ngazi, tofali moja juu, moja pembeni, mpaka karibu na bati. Bibi aliuziba kwa udongo na chokaa, na kila masika ukafunguka upya pale pale. Lilikuwa la ukubwa wa 6.8, kitovu chake ziwani, na wenzetu wa ng'ambo, Kalemie kule Kongo, ndo walioumia, nyumba zilianguka na watu walikufa.

Ziwa lenyewe lipo kwa sababu ardhi inaachana. Tanganyika limekaa ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ndo maana lina kina cha mita 1,470 na milima inashuka moja kwa moja kwenye maji. Desemba 1910 kule Rukwa lilipiga la 7.4 hivi, ni kati ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, la 5.9 likapiga Bukavu ya Kongo na Rusizi ya Rwanda, watu wapo kanisani, na makanisa yakawaangukia. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, Bukoba, 5.9 tena, wakafa watu wasiopungua 17, maelfu ya nyumba zikaharibika na shule kama Ihungo na Nyakato zikabidi zifungwe. Angalia hiyo namba, 5.9. Sehemu ambazo nyumba zimefungwa vizuri, tetemeko kama hilo watu wengi wanatoka wazima. Yani kinachoua ni ukuta.

Vigezo nilivyotumia

Kila aina nimeipima kwa vitu vinne. Cha kwanza, ikianguka inaangukaje, manake kuna nyumba inapinda na kuna nyumba inamwagika. Cha pili, hela na usafiri, kwa sababu mfuko wa saruji wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, sio sawa na mfuko uliopanda boti Kibirizi ukashushwa Mwamgongo kwa kichwa. Cha tatu, siku zingine zote ambazo hakuna tetemeko, mvua ya kuanzia Novemba mpaka Aprili na mchwa. Cha nne ndo watu wengi hawakifikirii, kesho yake inakuaje? Utaweza kurudi ndani lini, nani ataitengeneza, kwa hela gani?

Hicho cha nne nakisisitiza kwa sababu madhara ya tetemeko hayaishii kwenye dakika moja. Nyumba ikipasuka unalala nje, na kama ni Desemba unalala kwenye mvua. Mtaa mzima ukilala nje uwanjani, vyoo vimetitia, maji yanachotwa popote, kinachofuata tunakijua, Kagunga mwaka 2015 wakimbizi walipojaa pale ufukweni tuliona kipindupindu kilivyolipuka. Gunia la mahindi na muhogo ulioanika vinalowana. Mama aliyekuwa anauza dagaa kwa mtaji wa kikoba anakula mtaji. Watoto wanakaa nyumbani kwa sababu madarasa yana ufa na hakuna anayethubutu kusema yako salama. Mwaka mzima baadaye bado familia inalipa deni la bati. Kwa hiyo nyumba inayorudisha watu ndani haraka ina thamani yake hata kama ukutani haipendezi.

Miti na udongo

Hii watu wanaidharau sana na mimi sikubaliani nao. Ukuta wa nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba, udongo umejazwa katikati, ni mwepesi na unapinda. Ukitikiswa udongo unadondoka vipande vipande lakini zile fito zinabaki zimeshikana na paa linabaki juu. Kashmir mwaka 2005, Oktoba, lile tetemeko kubwa la Pakistani, nyumba zao za asili zenye fremu ya mbao iliyojazwa mawe na udongo nyingi zilisimama wakati za mawe matupu na za zege mbovu zimelala chini.

Hela yake ni ndogo kuliko zote, na vijiji vya ziwani ambako kila kitu kinakuja kwa maji hii inatoka hapo hapo. Kesho yake ndo inashinda kabisa, majirani wanakusanyika, udongo unakandwa, jioni mmeziba.

Shida yake ni siku za kawaida. Mchwa anakula nguzo kuanzia chini ardhini, na nguzo iliyoliwa haina faida tena, ukuta mzima unakuwa umesimama kwa mazoea. Mvua ya kupiga upande inalamba udongo. Ukiamua hii, chini weka msingi wa mawe unaopanda walau futi moja juu ya ardhi, nguzo zipake oili chafu au zichome juu juu sehemu inayozama, funga fito za mshazari kwenye kona (hizi mafundi wengi wanaziruka na ndo zinazozuia nyumba kulala upande), na bati litoke nje ya ukuta vya kutosha.

Inamfaa mtu wa kijijini mwenye nguvu kazi ya ndugu na majirani, anayekubali kukarabati kila mwaka.

Tofali mbichi

Tofali za kubumba, unazikausha juani unajenga. Kasulu, Buhigwe, Kibondo ziko kila mahali. Ndani kuna ubaridi mzuri, hela ni ya kawaida, na kuni hazichomwi.

Ila kwa tetemeko hii ndo inanipa hofu kuliko zote zikijengwa hovyo, na nasema kwa uzito kwa sababu wengi wetu tumelala humo. Ukuta ni mzito sana na hauna kinachoushika. Ukitikiswa kona zinaachana kwanza, kuta mbili zilizokutana zinafunguka kama mlango, alafu ukuta mrefu unalala wote kwa mara moja. Na vumbi lake linaziba pumzi, mtu anaweza asivunjike hata mfupa akafa kwa kukosa hewa chini ya udongo ule.

Inaweza kuboreshwa, na sio kwa hela nyingi. Nyumba iwe fupi na kuta ziwe nene, kanuni ambayo mainjinia wanaitumia ni urefu wa kwenda juu usizidi mara 8 ya unene, yani ukuta wa sentimita 40 usipite mita 3 na kidogo. Laza tofali, usizisimamishe. Vyumba viwe vidogo vya mraba. Milango na madirisha yakae mbali na kona, walau mita 1.2. Juu ya ukuta zungusha mkanda wa mbao, mbao mbili zinazokwenda sambamba na vipande vya kuziunganisha kama ngazi iliyolazwa, kona zimepigwa misumari ya kutosha, alafu kenchi zifungwe kwenye huo mkanda kwa waya.

Kesho yake: nyufa ndogo unaziba mwenyewe, lakini kona ikishaachana usijidanganye kwa kupaka udongo kama bibi yangu alivyofanya, bomoa ile kona ujenge upya.

Inamfaa mwenye bajeti finyu ambaye eneo lake ni kavu, sio mteremko mkali, na yuko tayari kukaa na fundi akimsimamia kwenye kona.

Tofali za kuchoma

Hapa ndo wengi mlipo na hapa nitakaa kidogo, manake ndo chaguo la mdogo wangu na ndo lenye mitego iliyofichika.

Tofali ya kuchoma iliyoiva ni ngumu, hailambwi na mvua, mchwa haimhusu, na ukijenga ukapiga lipu nyumba inaonekana ya kisasa kabisa. Bei iko katikati, na Kigoma tanuri zipo nyingi japo kila tanuri ni kuni, na milima yetu inaonyesha.

Mtego wa kwanza ni kinachoshikanisha tofali. Nyumba nyingi sana zimejengwa kwa udongo katikati, alafu nje mistari ikapigwa saruji kidogo, ukiangalia unasema hii ni nyumba ya saruji. Kwa tetemeko hiyo ni sawa na tofali mbichi tu, tofali zenyewe ngumu lakini hazijashikana, zinamwagika. Ukinunua au kupanga nyumba kwaruza mstari mmoja kwa ufunguo, pita ile saruji ya juu, uone ndani kuna nini.

Mtego wa pili ni kusimamisha tofali ili zitoshe. Ukuta unakuwa mwembamba, mrefu, hauna ubavu.

Mtego wa tatu ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Mdogo wangu aliniunganisha na fundi wake kwenye simu, kijana mwenye heshima zake, akaniambia, "Shikamoo kaka. Lenta tutapiga juu ya milango na madirisha tu, kuzungusha nyumba nzima hela ya dada haitatosha." Nikamjibu, "Marahaba fundi. Vigae umeviweka kwenye hesabu?" Akasema vipo, na geti lipo. Basi tukakaa pale kwenye simu karibu saa nzima tukihamisha hela, vigae vikatoka, nondo zikaingia. Lenta inayozunguka ndo inayozifunga kuta zote nne ziwe kitu kimoja, ile iliyokatwa vipande juu ya kila dirisha inabeba tofali za juu yake basi, haizuii kuta kuachana. Nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20 hivi, na kwenye kona nondo zikunjwe ziingie upande wa pili, zisiishie pale pale. Hiyo kona ndo ya kwenda kuangalia kwa macho yako kabla zege halijamwagwa, ikishafunikwa hutaijua tena.

Alafu kuna ule ukuta wa pembetatu kwenye paa la mgongo wa tembo, unaopanda mpaka kileleni. Umesimama peke yake juu ya lenta, hakuna kinachoushika, na kwenye matetemeko mengi huo ndo unaanza kudondoka, kwa kawaida juu ya kitanda cha mtu au juu ya aliyekimbilia nje. Bora paa la migongo minne, au ile pembetatu uifunge kwa mbao na bati badala ya tofali.

Kesho yake nyumba hii ikiwa na lenta inayozunguka mara nyingi unapata nyufa za kuziba, unarudi ndani mapema. Ikiwa haina, unaweza kukuta kuta zimesimama lakini zimeachana juu, na hiyo usiingie hata kuchukua godoro, manake matetemeko madogo yanafuata siku kadhaa na ndo yanayomalizia.

Inamfaa mtu wa mjini au kando ya barabara mwenye kipato cha kujenga kidogo kidogo, kwa sharti kwamba hatua ya lenta haikatwi.

Bloku na nguzo za zege

Ikifanywa vizuri hii inavumilia kuliko zote nilizotaja. Nguzo kwenye kona, mkanda chini kwenye msingi, mkanda juu, bloku katikati zimekamatwa, nyumba inatikisika kama sanduku moja. Mvua na mchwa havina habari nayo.

Ikifanywa vibaya nayo inaua. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la 7.0, Port-au-Prince ilikuwa imejaa majengo ya bloku na zege, na ndo yaliyowafunika watu, sakafu juu ya sakafu. Zege dhaifu halioneshi udhaifu wake mpaka siku hiyo. Mfuko mmoja unalazimishwa utoe tofali nyingi mno, mchanga una udongo, zege limejazwa maji ili limwagike kirahisi, halijamwagiliwa walau wiki moja. Chukua bloku moja, inua mpaka kiunoni, iachie idondoke chini kwenye udongo. Ikisambaratika mrudishie mwenyewe.

Hela ndo ngumu, saruji, nondo, kokoto, na kwa vijiji vya ziwani jumlisha boti. Na kesho yake ikipasuka kwenye nguzo sio ya kuziba mwenyewe, hiyo inahitaji injinia aje aangalie, na siku hiyo kila mtu anamtafuta huyo huyo.

Inamfaa mwenye hela ya kumaliza hatua moja bila kuiba kwenye saruji, anayejenga ghorofa, fremu za biashara, shule, zahanati, nyumba ya ibada, yani popote watu wanajaa wengi kwa wakati mmoja.

Zipo pia tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo ambazo haziichomi misitu, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezihimiza sana. Hizi zipime kama za kuchoma, kufungamana kwake hakuondoi haja ya lenta na nondo za kona.

Udongo unaokaa juu yake

Kabla hujachagua tofali angalia kiwanja. Mchanga uliolowa wa ufukweni na mabonde ya mto kama Luiche yanatikisika zaidi kuliko mwamba, na mchanga uliojaa maji unaweza kulainika kama uji nyumba ikazama upande. Kibirizi maji yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021 wengi walijifunza umbali wa ziwa kwa njia ngumu, ongeza na tetemeko juu yake. Kwenye miteremko tatizo ni kinyume, nyumba inaweza kusimama lakini mlima ukaja. Usikate ukuta wa udongo wima nyuma ya nyumba ili upate uwanja, na kama lazima, acha nafasi.

Kwa hali yako

Uko Mwamgongo au kijiji chochote ambacho saruji inakuja kwa boti, kama baba mdogo: nilimwambia, "Baba, jenga miti na udongo juu ya msingi wa mawe, ile saruji kidogo utakayoweza kuleta iishie kwenye msingi." Bloku nusu nusu kwa saruji ya kubahatisha itakuwa mbaya kuliko miti mizuri. Na nyumba iondoke chini ya genge.

Uko mjini, Mwanga, Gungu, Katubuka, unajenga taratibu: za kuchoma kwa saruji na lenta inayozunguka. Hela ikipungua simamisha ujenzi ukiwa umefika kwenye lenta, usiiruke ili uwahi bati.

Unajenga darasa au nyumba ya ibada kwa michango: zege na injinia, hata kama itachukua miaka miwili zaidi, na milango iwe miwili na ifunguke kuelekea nje. Kamati ikisema mchango hautoshi jengeni ndogo kwanza.

Uko Tabora: mko mbali na ufa kuliko sisi na hatari yenu ni ndogo, kwa hiyo mnaweza kuchagua kwa kuangalia mvua, mchwa na mfuko, ila lenta inayozunguka bado ipigeni.

Unayo nyumba tayari na huwezi kubomoa: anza na ile pembetatu, ishushe uweke mbao na bati. Alafu kenchi, zifunge kwa waya kwenye ukuta. Alafu tangi la maji kama limekaa juu ya mnara wa tofali, lishushe, maji ya lita elfu moja ni tani nzima inayosubiri juu ya kichwa cha mtu.

Na wewe unayepanga, ambaye huna mamlaka na ukuta hata mmoja, leo jioni angalia kitanda kimekaa wapi. Kama kichwa kiko chini ya ule ukuta wa pembetatu au chini ya kabati lenye sufuria juu, kihamishie ukuta wa ndani, na viatu na tochi viweke pale mkono unapofika gizani. Mimi cha bibi nilikihamisha wiki ile ile ya 2005, na hakikurudi tena chini ya lile dirisha.